Ratiba ya Vyuo Kumi na Sita na Harusi Moja

Jumatatu, 13 Januari

Kazi imeanza. Vyuo vilikuwa kumi na viwili, sasa ni kumi na sita. Wakubwa wamewakaribisha wageni wanne kwa tabasamu, wamepiga picha, wamekwenda kula. Na nani atawapangia mechi? Wendell Pruitt! Nani mwingine? Miaka thelathini na moja napanga ratiba ya mpira ya shirikisho hili kwa ubao wa chuma na sumaku za rangi. Kila chuo kina sumaku zake kumi na mbili, moja kwa kila mechi. Hakuna timu iliyowahi kufika uwanjani ikakosa mpinzani. Isipokuwa ile mara moja, na siku ile mvua ilinyesha, kwa hiyo haihesabiki.

Safari hii nina jambo langu. Binti yangu Maribeth anaolewa Jumamosi, tarehe 18 Oktoba, saa nane mchana, kanisani kwetu. Ndiye mtoto pekee niliye naye. Na katika kaunti yetu mtu mwenye akili timamu haoi Jumamosi ya msimu wa mpira. Binamu yangu Leland alithubutu. Viti themanini, watu kumi na mmoja, na mchungaji alikuwa na kidude cha redio sikioni. Katikati ya sala alipaza sauti, "Mbio! Mbio!" Ndoa yenyewe haikufika Pasaka.

Lakini Maribeth anaitaka tarehe hiyohiyo, kwa sababu bibi yake Opal aliolewa tarehe hiyo, na Bibi Opal ana miaka tisini. Basi mezani siku ya Krismasi nilisimama, glasi ya chai ya sukari mkononi, nikatangaza kwamba wasiwe na shaka, siku hiyo Dunmore hawatacheza na Pickett hawatacheza. Dunmore ni chuo chetu. Pickett ni chuo cha kina Ogletree, ukoo wa bwana harusi. Tumerithi kuchukiana.

Doyle Ogletree, baba wa kijana, alicheka mpaka akapaliwa na nyama. Akasema, "Mkwe, hata viti vya meza hii vimekushinda kupanga!" Alikuwa amekalia kigoda cha watoto. Ilikuwa bahati mbaya tu. Kiasi.

Asubuhi hii Brantley Sykes aliniwekea bahasha mezani. Brantley ana miaka ishirini na tisa, ana kompyuta, na ananiita Mzee. Alisema kwa upole kwamba kompyuta imetoa rasimu ya kwanza, na angefurahi kama Mzee Pruitt angeipitia. Nikamshukuru sana. Alipogeuka nikaitupa kwenye kapu la taka. Sikuifungua hata.

Jumanne, 14 Januari

Nimekwenda kwa Kamishna, Bibi Rosalind Thayer. Nimemwambia rasimu ya Brantley imejaa makosa. Akauliza makosa gani. Nikasema mengi. Akauliza kama nimeisoma. Nikasema mtu mwenye uzoefu wangu hahitaji kula yai zima ili ajue kwamba limeoza. Mwishowe akaagiza kompyuta irudie kazi upya.

Ushindi! Brantley alikunywa kahawa yake. Nilimpigapiga bega. Roho nzuri haigharimu kitu.

Alhamisi, 16 Januari

Balaa.

Kumbe watu wa televisheni walisikia kwamba ratiba imechelewa, wakapata mwanya wa kuleta matakwa yao. Wanataka mechi ya watani wa jadi katikati ya Oktoba, mchana kweupe, majani yakiwa mekundu, ili ipendeze kwenye kioo. Kompyuta, kwa kuwa haina adabu wala ukoo, imekubali.

Rasimu ya pili hii safari niliifungua. Dunmore dhidi ya Pickett. Kugombea Jogoo wa Bati. Jumamosi, tarehe 18 Oktoba. Saa nane mchana.

Jogoo wa Bati si kikombe. Ni kile kibati chenye umbo la jogoo, cha kuonyesha upepo, ambacho vijana wa Pickett walikiiba juu ya paa la kanisa letu mwaka 1911. Tangu hapo tunakigombea kila mwaka. Kanisa ni lilelile atakaloolewa Maribeth. Mchungaji mwenyewe ana tiketi ya msimu. Mpiga kinanda hucheza tarumbeta kwenye bendi ya wahitimu. Atabaki nani? Mimi, mke wangu Lorna na bibi wa miaka tisini. Na kusema kweli, Bibi Opal ndiye nisiyemwamini kabisa.

Lorna ameuliza mambo ya ratiba yanaendaje. Nimesema yanakwenda vizuri ajabu.

Ijumaa, 17 Januari

Nina mpango!

Tarehe 24 kamati ya wakurugenzi wa michezo watano itapiga kura: ratiba ya kompyuta, au ratiba ya ubao wangu. Kwenye ubao wangu Dunmore wanapumzika tarehe 18, na Pickett wanapumzika tarehe 18, kwa bahati isiyo na maelezo. Nahitaji kura tatu tu.

Sasa, kila mkurugenzi duniani anataka kitu kimoja. Jumamosi ya Kurudi Nyumbani. Siku hiyo wahitimu wa zamani wanarudi chuoni na matumbo yao, wanavaa makoti yasiyofunga, wanataka kuona timu yao ikishinda kabla ya chakula. Timu ikishindwa siku hiyo, mkurugenzi anaanza kutafuta nyumba ya kupanga mji mwingine. Kwa hiyo unamwalika nani? Unamwalika mnyonge.

Na mnyonge tumempata! Tolliver, mmoja wa wageni wetu wanne. Msimu uliopita walicheza mechi kumi na mbili, wakapoteza kumi na moja, na ile moja waliyoshinda wapinzani walikuwa na homa ya matumbo. Watu wa heshima kabisa. Bendi yao ni nzuri.

Nimempigia simu Huck Vance, mkurugenzi wa chuo cha Ames Ferry. Nikamnong'oneza jina la Tolliver. Halafu akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeona malaika kama nasema kweli. Nikasema tarehe 11 Oktoba, nyumbani kwake, ilimradi akumbuke ubao siku ya kura. Akasema, "Wendell, kaka yangu, ubao ni ubao!"

Wa pili naye akataka tarehe 11. Wa tatu vilevile. Wote wanataka tarehe 11, joto limepungua na baridi haijaanza. Nikawakubalia wote. Baada ya kura nitasema ofisi ilikosea, na ofisi maana yake Brantley.

Kura tatu zilitosha. Lakini kwa nini nishinde kwa taabu wakati ningeweza kushinda kwa kishindo? Nikawapigia na wale wawili waliobaki.

Jumapili, 19 Januari

Kina Ogletree wamekuja kula baada ya ibada. Doyle alileta nyama ya nguruwe aliyoichoma mwenyewe usiku kucha, na akatuambia mara sita kwamba ni usiku kucha. Nilimpa kiti halisi, chenye mgongo.

Akauliza mbele ya wote mtaalamu wa ratiba anasemaje, harusi ipo au tununue tiketi? Nikasema harusi ipo. Akasema yeye amekwisha kuweka tiketi nne kando, si kwamba hamwamini mkwe wake, ila anamjua. Tucker, kijana wake, bwana harusi wetu, aliona haya akamwambia baba inatosha. Ni kijana mzuri, huyu Tucker. Unasahau kabisa kwamba ni wa Pickett, mpaka avae kofia.

Nilipokuwa naosha vyombo Maribeth alikuja kunisaidia kufuta. Akaniambia hahitaji mambo makubwa. Anataka kanisa lisiwe tupu, basi, na anataka niwe nimemshika mkono yeye, si simu. Nikamwambia, mwanangu, neno lako nimelishika. Nikafuta macho kwa taulo la vyombo. Ilikuwa ile pilipili ya Doyle.

Jumanne, 21 Januari

Nimepanga ubao. Tarehe 11 Oktoba: Tolliver ugenini kwa Ames Ferry. Tolliver ugenini kwa Lundy. Tolliver ugenini kwa Braddock, kwa St. Crispin, kwa Hale. Mahali patano, siku moja. Ukisimama mbali inapendeza, rangi ya njano inakaa kama maua.

Tatizo dogo. Sumaku za Tolliver ni kumi na mbili, na tano zimekwisha kwa siku moja. Kufika Novemba chuo kizima kimepotea. Nimebandua sumaku za Lorna kwenye friji, ile ya duka la piza na ile ya daktari wa meno, nikazikata kwa mkasi vipande vinne, nikazipaka njano. Kwenye mechi ya mwisho ya msimu, ukiinama sana, unaona jino.

Haitaonekana. Hii ni elimu ya miaka thelathini na moja: mkurugenzi akiwekwa mbele ya ratiba hutafuta chuo chake tu. Anapita kwa kidole kwenye mstari wake, anaguna, anakaa. Hajawahi hata mmoja kuangalia mstari wa jirani. Ungeweza kuandika hapo kwamba jirani anacheza na jeshi la majini, asijue.

Jumatano, 22 Januari

Zawadi zinaingia. Huck Vance ametuma paja zima la nguruwe. Lundy wametuma kofia. St. Crispin wametuma keki ya matunda, tumempa mbwa, mbwa naye amefikiria. Brantley ameuliza kwa upole mbona Mzee anapendwa ghafla. Nikamwambia heshima hujengwa, haipakuliwi kwenye kompyuta. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Anajifunza, huyu kijana.

Ijumaa, 24 Januari

Niandike kwa utaratibu.

Saa tatu asubuhi, ukumbi wa mikutano. Ubao wangu umefunikwa shuka la maua. Kamishna mbele, wakurugenzi watano mezani, Brantley na mashine yake pembeni. Na mtu mmoja mrefu mwenye kofia magotini ambaye sikumtarajia. Kamishna akamtambulisha. Dakta Amos Renfroe, mkuu wa Chuo cha Tolliver. Amesafiri saa tano kuja kuona jinsi familia yake mpya inavyofanya kazi.

Nilitamani kuahirisha. Lakini mambo yalikuwa yamekwenda mbali mno. Nikavuta shuka.

Elimu yangu ilithibitika! Wakurugenzi watano walisogea, kila mmoja na mstari wake. Huck alipitisha kidole, akaguna, akakaa. Yule wa Lundy akaguna, akakaa. Wa Braddock alinikonyeza. Watano wote wakakaa wakitabasamu kama watoto waliokula asali. Kamishna akasema hajawahi kuona kamati ikiridhika haraka hivi. Akauliza kama wapige kura. Huck mkono wake ulikuwa tayari juu.

Nilisahau kitu kimoja tu. Dakta Renfroe naye alikwenda kutafuta chuo chake.

Alikipata. Alikipata tena. Alisimama pale muda mrefu, kidole kikishuka polepole kwenye tarehe 11 Oktoba. Kisha akageuka, uso umejaa furaha, nadhani nitaukumbuka uso ule nikiwa na miaka ya Bibi Opal. Akasema katika shirikisho lao la zamani hakuna aliyewataka hata mara moja, mabasi yalikuwa yakisahau kuwachukua. Na hapa wanatakiwa mara tano kwa siku moja! Akauliza tu, kwa adabu, kama watasaidiwa usafiri.

Halafu wakurugenzi wakaanza kutazamana. Halafu wakainuka wote pamoja, na kwa mara ya kwanza katika historia ya shirikisho wakasoma mistari ya wenzao.

Lundy alimwambia Huck kwamba Tolliver ni wa kwake, aliahidiwa. Huck akasema yeye aliahidiwa kwanza, na ametuma paja. Braddock akauliza paja gani, mbona yeye hakuambiwa habari ya paja? St. Crispin, chuo cha dini, walitumia neno ambalo sitaliandika. Dakta Renfroe alikuwa akigeuza kichwa huku na huku, bado anatabasamu kidogo. Akauliza mbona wanagombewa hivyo. Na Huck, domo kaya yule, akafoka, "Si kwa sababu mnafungwa!"

Tabasamu likaondoka. Lilichukua muda wake kuondoka. Lilinichoma, nakiri hapa ambapo hakuna anayesoma.

Dakta Renfroe akavaa kofia. Akasema vizuri, Tolliver watakuja kwa kila mmoja, mwaka mmoja mmoja, miaka mitano, na wahitimu waandaliwe viti vizuri. "Mtavihitaji vya kukalia mkilia." Akainama kwenye ubao, akabandua sumaku ya mechi ya mwisho, akaitazama. Akaniuliza kama hilo ni jino. Akaitia mfukoni akaondoka nayo.

Ratiba ya kompyuta imepita kwa kura tano kwa sifuri. Kamishna ameniambia nikae nyumbani wiki moja nipumzishe akili. Amesema "akili" kwa namna ambayo sikuipenda.

Jumamosi, 25 Januari

Nimemwambia Maribeth. Nilitaka kuanza na mambo ya televisheni, lakini nilipomwona usoni nikasema tu kwamba imeshindikana, mwanangu. Hakulia. Aliinua simu akaanza kupigia watu mmoja mmoja. Mpiga kinanda alisema anasikitika sana, lakini tarumbeta ni tarumbeta. Mchungaji aliomba muda wa kumwuliza Mungu. Akarudi baada ya dakika moja na nusu, Mungu amesema Jogoo wa Bati.

Bibi Opal ameuliza kama tiketi za Doyle zote nne zina wenyewe.

Doyle akapiga simu. Nilijiandaa kwa kejeli. Hakunicheka! Alisema tu, kwa sauti ya chini, pole mkwe. Hilo limeniumiza kuliko kejeli zake zote za Krismasi.

Jumatatu, 27 Januari

Brantley amekuja nyumbani. Ameleta sanduku la sumaku zangu na ubao, kwa sababu ukuta wangu ofisini unawekewa kioo cha kompyuta. Lorna akamkaribisha pai. Maribeth alikuwa mezani akiandika majina ya wageni wa kuwaomba radhi.

Yule kijana alikuwa na huruma ya kweli, ndiyo iliyoniua. Akasema, "Mzee Pruitt, mie nasikitika sana, maana ile rasimu ya kwanza ilikuwa imekaa vizuri kwenu." Akaeleza, huku anakula, kwamba alisikia habari ya harusi kwa Lorna kwenye sherehe ya mwaka mpya, akaiwekea kompyuta sharti. Dunmore wapumzike tarehe 18. Pickett wapumzike tarehe 18. Ilikubali mara moja, bila shida. Alitaka iwe zawadi. Ndiyo maana aliniletea mimi wa kwanza, kwenye bahasha. Alishangaa tu kwamba niliiona imejaa makosa.

Maribeth aliweka kalamu chini. Akaniuliza kama niliifungua ile bahasha.

Nikasema pai leo imetoka vizuri.

Akaniuliza tena. Lorna naye akaacha kukata. Brantley akagundua kwamba amesema kitu, akaanza kutafuta koti lake. Nikasema hapana, sikuifungua. Nikasema niliitupa.

Binti yangu alisema kwamba ningekaa tu. "Ungekaa tu kwenye kiti, baba, usifanye chochote, kanisa lingejaa." Kisha akatoka nje, akasimama uani bila koti kwenye baridi, na Tucker akampelekea blanketi. Nilimtazama dirishani. Mimi ni mjinga. Naandika kwa herufi zinazosomeka: mimi ni mjinga.

Jumatano, 29 Januari

Wamesamehe! Au wamechoka, matokeo ni yaleyale.

Harusi imehamishwa. Jumamosi, tarehe 14 Machi, mwakani. Mpira utakuwa umekwisha zamani. Mchungaji yupo, mpiga kinanda yupo, Doyle ameahidi kuchoma nguruwe wawili usiku kucha. Bibi Opal amesema atajitahidi kuwa hai.

Maribeth alinikalisha sebuleni, mikono yangu yote miwili mikononi mwake. Akaniambia nimwapie, mbele ya mama yake, kwamba sitagusa tena ratiba ya mpira kwa ajili yake, hata kwa kidole. Nikaapa. Nililia, na safari hii hapakuwa na pilipili. Nimejifunza, nikamwambia. Kuna wakati upendo wa baba ni kukaa kwenye kiti. Lorna akanibusu kipara. Nimekuwa mtu mpya.

Alhamisi, 30 Januari

Nimeamka nimetulia. Nimekunywa kahawa. Nimefungua kalenda ya shirikisho kuiandika tarehe ya harusi, kwa furaha tu.

Jumamosi, tarehe 14 Machi. Nusu fainali za mpira wa kikapu za shirikisho. Saa nane mchana.

Na hapa kaunti nzima, Machi, haitoki mbele ya televisheni hata nyumba ikiungua! Hakuna aliyekumbuka. Maribeth hakukumbuka. Tucker hakukumbuka. Doyle, bila shaka, amekumbuka na amenyamaza, nyoka yule. Tiketi nne!

Ningeweza kuwaambia. Wangesogeza harusi wiki moja, na mambo yangekwisha. Lakini msichana ameshateseka mno, kwa nini nimtie hofu tena kwa kitu kidogo ambacho baba yake anaweza kukimaliza kimyakimya?

Kiapo nimekipima kwa makini. Nilimwapia ratiba ya mpira. Kikapu hakikutajwa na mtu yeyote.

Ratiba ya kikapu hupangwa ghorofa ya tatu, na Imelda Hatch. Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa. Anapenda pai ya njugu za pekani na hampendi Brantley. Asubuhi hii amenitumia bahasha kwa tarishi wa ofisi, mihuri mitatu, imeandikwa "Kwa Wendell, kuhusu Machi, soma haraka." Bila shaka ni rasimu nyingine ya kompyuta. Nimeitupa.

Lorna anauliza nani amechukua sumaku ya mwisho kwenye friji.